MOTOKAA YA BILIONI 16 NA NENO "ADIMU"



Jioni moja tulikuwa tumekaa katika kibanda cha chai hapa Tuwan, sisi watu wa gengi pamoja na wenzetu wawili wa stesheni, viatu vingali na vumbi la kokoto. Kijana mmoja akatoa simu yake akatuonyesha picha ya motokaa. Rangi yake ni ya fedha, na milango yake hufunguka kwenda juu kama mbawa za kuku anayetaka kuruka ua. Akatusomea bei. Tulicheka kwanza, maana tulidhani ameongeza sufuri. Hakuongeza. Motokaa hiyo ni Mercedes-Benz 300 SLR ya paa, iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1955, ikauzwa huko Stuttgart tarehe 5 Mei 2022 kwa yuro milioni 135. Kwa fedha yetu ya mwaka ule ni zaidi ya shilingi bilioni 16. Hadi siku ile hakuna motokaa iliyojulikana kuuzwa kwa bei kama hiyo mahali popote duniani.

Tungalimaliza chai yetu tukaenda kulala, wala msingaliona habari hii gazetini, kama si neno alilolisema mwenzetu mmoja, fundi hodari, mtu ambaye tunamheshimu sana kazini. Yeye alisema bei ni ya haki. "Ziko mbili tu duniani," alisema. "Kitu adimu kina bei yake." Na watu kadha wa kadha wakatikisa vichwa kukubali.

Twaandika kwa sababu ya vichwa hivyo.

Kwa maana majuma machache tu kabla ya jioni ile, tulipokwenda kuomba nyongeza ya mshahara, tajiri mmoja ambaye hatumtaji hapa alitujibu kwa neno lilo hilo, ila alilishika upande wa pili. Alituambia, "Ninyi mko wengi. Hapo getini wamesimama watu mia wanaotaka kazi hii kwa nusu ya fedha mnayopata." Siku hiyo tulitoka ofisini tumekasirika, na fundi wetu alikasirika kuliko wote. Sasa tazameni. Motokaa ni ghali kwa kuwa ziko mbili. Mtu ni rahisi kwa kuwa wako mia. Hiyo ni hesabu moja. Mkiikubali kwenye kibanda cha chai, mmekwisha kuitia sahihi ofisini.

Basi tuichunguze hesabu yenyewe kama ni ya kweli.

Kwanza tuseme haki, tusije tukaitwa watu wa wivu. Sisi twajua chuma. Mtu aliyegonga bati la alumini kwa nyundo mpaka likawa laini kama ganda la yai, yule ni ndugu yetu, hata kama tunaishi mbali. Motokaa hizo za zamani za mbio zilitengenezwa kwa mikono mingi, moja moja, na mtu hawezi kusema kwamba zingeuzwa kwa bei ya baiskeli. Kazi nyingi huleta bei kubwa. Hatuna ugomvi na hilo. Swali letu ni moja tu: bei hii ya leo ni bei ya kazi gani?

Chukueni Ferrari 250 GTO. Zilitengenezwa 36, kati ya mwaka 1962 na 1964, na mabodi yake yaligongwa katika karakana ya Scaglietti mjini Modena, Italia. Ilipokuwa mpya iliuzwa Marekani kwa dola 18,000 hivi. Bei hiyo ilikuwa kubwa siku zile, na kwa bei hiyo mwenye kiwanda alikwisha kurudisha gharama ya chuma na mishahara, akabaki na chake. Mwezi wa Agosti 2018, moja katika hizo iliuzwa kwa mnada huko California kwa dola 48,405,000. Gawanyeni kwa kalamu, kama walimu wetu wa misheni walivyotufundisha kwa fimbo: ni zaidi ya mara 2,600. Je, ni nani aliyeifanyia kazi hiyo mara 2,600? Wale wagonga bati wa Modena hawakurudi usiku wakaigonga tena. Mafundi walioitengeneza kila ilipoharibika walilipwa wakaenda zao. Motokaa ilikaa bandani, bei ikapanda yenyewe kama mtama wa mtu aliyelala, na fedha ikaingia kwa yule mwenye ufunguo wa banda.

Hapo fundi wetu alijibu kwamba hatukumwelewa. Akasema yeye hasemi habari za kazi, asema habari za uhaba. Kitu kikiwa hakipatikani tena, basi uhaba wenyewe ndio bei.

Vema. Twende kwenye uhaba, na tusiende mbali, twende relini kwetu.

Mwaka ule ule wa 1955, wakati Wajerumani wanafunga skrubu za motokaa zile mbili, kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kilikuwa kinaitengenezea reli ya Afrika Mashariki injini za Garratt, daraja la 59. Zilikuwa 34, na zilikwisha kufika zote ndani ya mwaka 1955 na 1956. Wazee wetu waliozifahamu hawakuacha kuzizungumza mpaka walipokufa. Uzito wa injini moja ulipita tani 250. Katika reli zote za upana wa mita moja duniani, hakukuwa na injini za mvuke kubwa na zenye nguvu kupita hizo. Zilivuta mzigo wa tani 1,200 kutoka Mombasa, usawa wa bahari, mpaka Nairobi kule juu, na kuteremsha tena kahawa na pamba. Mahindi ya Trans Nzoia yaliyopakiwa hapa Kitale, katika tawi la Leseru lililofika mwaka 1926, yakishafika Nairobi yaliziona injini hizo. Dreva alikaa na moto mbele yake; faiamani alichunga mafuta na maji saa zote; na kwenye magereji kulikuwa na jeshi zima la watu wa kupaka grisi, kukwangua mabomba, kubadilisha mabreki. Babu ya mmoja wetu alikuwa msafishaji wa injini. Alikuwa akisema kwamba mtu aliyeoga baada ya kazi hiyo bado alinuka Garratt kanisani Jumapili.

Kila injini ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Mmoja uliitwa Mount Elgon, yaani mlima huu huu mnaouona mkitoka nje asubuhi hapa Tuwan kabla mawingu hayajaufunika.

Iko wapi leo Mount Elgon? Ilikatwa kwa gesi ikawa vyuma chakavu. Katika zote 34 zimebaki mbili tu, zote ziko Nairobi: Mount Gelai, nambari 5918, na Mount Shengena, nambari 5930.

Mbili tu, ndugu zetu! Mwaka ule ule mmoja, na hesabu ile ile ya Stuttgart. Wala hakuna kiwanda duniani kinachoweza kutuletea nyingine kesho. Kama uhaba wenyewe ndio bei, mbona hakutokea tajiri wa kuja na gunia la bilioni 16 stesheni ya Nairobi? Na zile 32 zilipokuwa zinakatwa, kila iliyokatwa ilizidisha uhaba wa zile zilizosalia; mbona bei haikupanda hata senti? Ziliendelea kupimwa kwa tani, kama misumari.

Fundi wetu alinyamaza kidogo, akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari ya kukoroga. Kisha akasema, "Lakini Garratt haiwezi kuwekwa bandani kwa mtu. Nani ataipeleka wapi?"

Naam! Sasa amesema kweli, na amesema kuliko alivyokusudia. Garratt haiwezi kuwa ya mtu mmoja. Yataka njia, yataka mataruma, yataka maji, yataka watu. Tajiri hawezi kuizunguka peke yake Jumapili akiipiga picha na kuwaonyesha matajiri wenzake. Kwa hiyo haikupata bei. Bei ya ile ya Stuttgart haitoki katika chuma, wala katika kazi, wala hata katika uhaba. Yatoka katika mifuko ya watu wachache waliojaa fedha kupita matumizi yote, ambao wanashindana wao kwa wao nani atakuwa na kitu ambacho mwenzake hana. Ondoa watu hao kumi au ishirini katika chumba cha mnada, na motokaa ile hubaki motokaa ya mwaka 1955 yenye viti viwili na joto jingi. Tena haikuanza hata shindano moja. Kiwanda kiliacha mbio mwishoni mwa mwaka 1955, mwaka ambao motokaa ya jamii hiyo ilirukia watazamaji kule Le Mans, Ufaransa, wakafa watu zaidi ya 80. Mkuu wa majaribio, Bwana Uhlenhaut, akawa anaiendesha moja ya zile mbili barabarani kama motokaa ya kazini.

Imesemwa, na ni kweli, kwamba kiwanda kilitoa fedha za mauzo yale ziwe mfuko wa kusomesha vijana. Hatuna ugomvi na mtoto atakayesoma kwa fedha hizo. Lakini mwaka ule wa 2022 mgawo wa serikali kuu kwa kaunti yetu yote ya Trans Nzoia ulikuwa kama shilingi bilioni 7: zahanati zetu, barabara zetu, mishahara ya wauguzi wetu, vyote humo. Motokaa moja ilizidi kaunti mara mbili. Hapo mtu asituambie kwamba bei ni kitu kinachoanguka kutoka mbinguni kama mvua.

Tena kuna hizi mpya, zile za mwendo mkali mno, ambazo vijana hubandika picha zake kwenye kuta. Hapa ujanja uko wazi zaidi. Bugatti Chiron ilipotolewa mwaka 2016 bei yake ilikuwa yuro milioni 2.4 kabla ya kodi, na kiwanda kilitangaza tangu siku ya kwanza kwamba zitatengenezwa 500 basi. Mwendo wake umewekewa kikomo cha kilomita 420 kwa saa. Sheria yetu ya Kenya yaruhusu motokaa ndogo kilomita 110. Tunamkaribisha mwenye nayo ailete siku ya soko kutoka Tuwan kwenda Webuye, apite matuta, apite bodaboda zenye magunia, apite ng'ombe wa watu. Twaamini ataachwa na Probox kabla ya kufika Kiminini.

Lakini hebu tulitazame lile neno "500 basi". Kiwanda kina mashine, kina mafundi, kina chuma. Kingeweza kutengeneza zaidi. Chakataa kwa kusudi, ili bei isishuke. Magazeti ya biashara husema huo ni uongozi wa akili. Na sisi je? Tukisema mikono yetu itafanya saa nane basi, au tukiikunja siku tatu ili bei ya mikono isishuke, huitwa watu gani? Huitwa wavunja sheria, huitwa wachochezi, na barua za kufukuzwa hupigwa chapa kabla ya jua kuchwa. Uhaba ukitengenezwa na mwenye kiwanda ni akili. Ukitengenezwa na mfanyakazi ni uhalifu. Fundi wetu, ambaye alikwisha kupata barua kama hiyo mara moja, hakuwa na jibu hapo.

Wengine wenu mtasema: hizi zina sifa, zimeshinda mbio, sifa nayo ni mali. Basi twende kwenye mbio, na hapa sisi watu wa Kenya hatuna haja ya kufundishwa na Wazungu. Safari ilianza mwaka 1953, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Je, mnajua siku zile magari yaligawanywa vipi? Kwa bei! Kila gari liliwekwa katika kundi kwa kadiri ya bei yake dukani. Hakukutangazwa mshindi mmoja wa jumla mwaka ule, lakini gari lililopata adhabu chache kuliko yote lilikuwa Volkswagen, kobe yule, katika kundi la bei ya chini. Matope hayakusoma karatasi ya bei.

Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika, gari la mkono wa pili. Joginder alikuwa fundi, aliyajua magari kwa mikono yake kabla ya kuyajua kwa jina, na akaja kushinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Watu wakamwita Simba wa Kenya. Hapo ndipo tunapoona thamani: katika kichwa na mikono ya mtu.

Na Porsche 911 je, ambayo leo matajiri hulipa fedha nyingi mno kuipata ile ya zamani? Ilikuja Safari ya siku zile mara kwa mara, ikafika ya pili mwaka 1974, ikafika ya pili tena mwaka 1978. Haikupata kushinda hata mara moja. Mwaka huo wa 1978 iliyoishinda ilikuwa Peugeot 504. Ndiyo, 504, ndugu ya zile pikapu zilizobeba mahindi yetu na mama zetu wakienda sokoni, watu wakiwa wamekaa juu ya magunia, kuku miguuni. Tangu mwaka 2003 kuna Safari ya magari ya kale, na huko Porsche zimeshinda zaidi ya mara moja. Ni halali yao. Lakini zimeshinda wakati mafundi ishirini na magari ya msaada wanazifuata nyuma. Katika siku zake zenyewe, mshindi alikuwa gari la mkulima. Lile lililoshindwa leo hufungiwa kama dhahabu, na lile lililoshinda mtalikuta nyuma ya gereji yoyote ya Kitale au Bungoma, limewekwa juu ya mawe, kuku wanataga kwenye kiti cha dreva.

Tuongeze neno kuhusu mashindano mengine, ya usafi wa magari, yaliyoanza Nairobi mwaka 1970 na kufanyika katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Huko waamuzi huinama chini ya gari wakatazama kama kuna grisi, hufungua boneti, hutoa alama kwa hali na usafi. Sisi hatuyachukii. Huko angalau alama hutolewa kwa kazi inayoonekana kwa macho, na anayestahili kikombe ni yule aliyelala chini ya gari na kitambaa. Kama ndiye anayekipokea, hilo ni shauri lingine.

Sasa, kuna vijana wetu walioanza kusema kwamba fedha za akiba ziwekwe katika vitu kama hivi, maana ati bei yake haishuki kamwe. Kule Marekani wapo wanaouza hisa ndogo ndogo za motokaa moja ya kale, hata mtu wa kawaida akanunua kipande cha mlango, tuseme. Twawaambia vijana: ilikwisha kushuka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watu walizikimbilia Ferrari kama wendawazimu, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 bei zikaanguka vibaya, wakaachwa na chuma mikononi na madeni benki. Bei iliyojengwa juu ya tamaa ya watu ishirini huanguka siku watu watano tu wakienda nyumbani. Mwenye ng'ombe wa maziwa hapo Kiminini, hata soko likivunjika, ana maziwa.

Msidhani twataka sheria ya kumkataza mtu kununua motokaa. Anunue hata kumi, azipange kwa rangi. Tunalokataa ni somo analotufundisha bila kutuuliza, kwamba bei ikishatajwa basi imekwisha kuwa haki. Hapana. Bei ni mapatano ya wenye nguvu siku hiyo. Ya Stuttgart ilikuwa hivyo, na ya mshahara wetu ni hivyo hivyo; tofauti ni kwamba katika ile ya kwanza pande zote mbili zilikuwa na nguvu, na katika hii ya pili upande mmoja umekuwa ukisimama na kofia mkononi.

Tajiri yule asema tuko wengi. Ni kweli tuko wengi. Lakini treni ya mizigo inayotoka Malaba kupitia Bungoma haipiti juu ya watu mia walioko getini. Yapita juu ya taruma lililolazwa sawasawa na mtu fulani, kwa mtalimbo, siku fulani, mvua ikinyesha. Taruma hilo halina habari ya wingi wetu. Likilazwa vibaya, mabehewa hulala ubavuni.

Kwa hiyo kamati ya tawi imekubaliana kwamba safari hii hatupeleki maombi ya jumla. Kila gengi kutoka Leseru hadi Malaba iandike kazi yake ya miezi sita: mataruma mangapi yamebadilishwa, kokoto tani ngapi, usiku mangapi tumeitwa baada ya mvua, saa ngapi hazikulipwa. Leteni na karatasi zenu za mshahara, hata zile zilizolowa. Fundi wetu amekubali kuandika upande wa karakana, naye ndiye atakayesema siku ya mapatano, alituomba mwenyewe. Kijana wa simu atatujumlishia, na chai yake italipwa na tawi mpaka hesabu iishe. Na yeyote ambaye babu au baba yake aliacha picha ya Garratt nyumbani, hasa Mount Elgon, tafadhali ailete pia, tuibandike ukutani pale tunapokutanikia.